Kulwa, Doto na Ugonjwa Usio na Kipimo

Siku yangu ya kwanza kazini katika kliniki ya afya ya akili, pale Shinyanga, sikukaa kitini. Kila aliyeingia nilimwona mgonjwa, hata mleta maji. Muuguzi Mfawidhi, mama mmoja mkavu, akaniambia hapa hakuna hadubini. Kipimo chetu ni kuuliza, kusikiliza, kisha kuuliza tena. Maneno yale yamenikosesha utulivu mpaka nimestaafu.

Nikahamishiwa Geita. Huko ndiko nilikokutana na upungufu wa umakini: mtoto hatulii, hasikilizi, ameanza hili mara kakimbilia lile. Mganga Mfawidhi wetu hakuuamini hata chembe.

"Malaria naipima," alinifokea. "Hili unalipima na nini, umbea wa walimu?"

Nisiseme uongo, nilielekea kukubaliana naye. Darasa limefurika watoto mpaka mlangoni, nani atatulia humo?

Ndipo akaja Mama Kulwa na mapacha wake wa kike, Kulwa na Doto. Shuleni walichapwa kila siku kwa utundu, na sasa mwalimu mkuu alitaka kuwafukuza. Nikauliza, nikauliza tena. Kumbe baba yao mchimbaji alikuwa akichoma dhahabu yenye zebaki jikoni, kwenye mafiga yale yale ya ugali, mlango kaufunga majirani wasione. Jamani! Moshi ule ni sumu ya ubongo. Nikamwambia mama awapeleke kwa bibi yao Bukombe, na uchomaji uhame nyumbani.

Mganga Mfawidhi akacheka. Ugonjwa hakuna, akasema, kuna zebaki.

Walirudi baada ya mavuno. Kulwa alikuwa ametulia. Doto alikwishapanda dirishani kabla sijaitikia shikamoo yake. Tumbo moja, nyumba moja, moshi mmoja! Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Dawa hatukuwa nayo. Nikaandika jina la ugonjwa, nikalipeleka shuleni mwenyewe: Doto akae mbele, apewe kazi kidogo kidogo, asichapwe. Njiani mama yake akanishika mkono.

"Nesi, kweli anaumwa, au unamfichia utundu?"

"Anaumwa, Mama Kulwa."

Akalia. Miaka yote ile, alisema, na yeye alikuwa akimchapa.

Siku hizi vijana wa kazi hii hunijia wakibishana kama ugonjwa huu upo. Kulwa ananivuta huku, Doto kule, nami nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sijui kama nilimpa mtoto yule ugonjwa au nilimpa jina lake. Najua tu kwamba nisingeandika kitu, wangeendelea kumpiga.