Harusi Iliyokuwa Ndani ya Diski

Mimi hupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Kwetu Msambweni ukumbi wa wanawake ukishafungwa, mitandio huvuliwa na watu hucheza, na mwenye kamera huapa kwamba jicho la mwanamume halitaona. Nami nilimwapia mama wa bi harusi.

Wiki ile ile diski ya kompyuta yangu ilianza kutoa mlio wa kugonga kama inayotaka kufa, na harusi yote imo humo, sijaitolea nakala. Nikanunua diski mpya ya kuihamishia, nikaifungua kompyuta mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, nikaichomeka. Kompyuta haikuiona. Nikazima, nikawasha. Wapi!

Kila jioni simu ya video ililia kutoka Arabuni. Ni dada wa bi harusi, mfanyakazi wa nyumbani huko, aliyenyimwa ruhusa ya kuja.

"Shikamoo, dada. Iko tayari?"

"Marahaba. Bado kidogo."

Nikikata simu, narudia kuzima na kuwasha.

Nilimpigia simu fundi wa kompyuta wa Ukunda, akanisihi, "Mama, ilete dukani, ni kazi ya dakika mbili." Nimpelekee mwanamume vichwa wazi vya wake za watu? Thubutu! Siku tatu nikazima na kuwasha, huku diski ya zamani ikizidi kugonga na mimi nikizidi kukosa usingizi.

Siku ya nne hofu ilinishinda. Niliichomoa ile ya zamani, nikaifunga kwa leso, nikaipakata, ndipo nikamwita fundi nyumbani. Alichungulia mara moja tu.

"Mama, umechomeka waya mmoja. Wa umeme huu hapa, unaning'inia."

Akaupachika, diski mpya ikaonekana. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipomweleza nilivyohangaika, alitikisa kichwa. "Kila ulipowasha, uliiamsha na ile mbovu. Mgonjwa haamshwiamshwi."

Alipoondoka niliirudisha diski ya zamani. Haikugonga. Haikufanya chochote tena. Amana niliitunza mpaka ikanifia mkononi.

Jioni simu ikalia. Nilimwambia yule dada yote, nikalia bila kujificha.

"Mama alicheza?"

"Alicheza."

"Na goti lake lile?"

"Na goti lake lile lile."

"Alicheza vipi?"

Mimi si mchezaji. Mahali pangu ni nyuma ya kamera. Nilifunga mlango kwa komeo, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikajifunga ile leso kiunoni.