Jino la Mbele na Tarumbeta

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakuandikia jambo nililomficha kwanza hata bwana yangu. Nilianza kupuliza tarumbeta nikiwa na miaka arobaini na mbili, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, kwa fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, ya kanisa letu. Mchana nalima, jioni nasoma darasa la watu wazima, Alhamisi ni mazoezi. Sisi ni wamama na wapapa wa Kivu ya Kusini, Kongo, hakuna aliyefundishwa muziki utotoni. Noti tunaandika kwa chaki: do, re, mi, fa, sol.

Sol ya juu ilinishinda. Basi nikafanya kile tunachofanya wote tulioanza ukubwani: nikakandamiza tarumbeta kwenye mdomo kwa nguvu zote za mikono. Sauti ikatoka! Nikamshukuru Mungu, na kila wiki nikakandamiza zaidi.

Ilibaki wiki moja twende kupiga kwa ibada kule Kamukuzi, mjini Mbarara. Nilikuwa natafuna muhogo, jino la mbele likacheza. Bila meno ya mbele mdomo hauna fasi, hauna pahali pa kuegemea, huwezi kupuliza tena. Na tangu tukimbie kwetu, ni wakati wa kupuliza tu mikono yangu haitetemeki. Nikaficha, nikaacha muhogo. Nikakunywa uji. Kila asubuhi naligusa kwa ulimi, naomba, naligusa tena. Linacheza.

Siku ya ibada kule Kamukuzi, kwa ubeti wa pili, nikaifuata ile sol. Nikasikia ladha ya damu. Sauti ya tarumbeta ikakatika katikati ya wimbo.

Kiongozi wetu wa fanfari, mzee mchungaji wa ng'ombe, akanitoa nje.

“Mama, fungua kinywa.”

“Papa, si kitu.”

“Si kitu, na damu iko kwa nguo? Fungua!”

Mama anayetupigia ngoma akapita: “Muache, Papa, anataka kuweka jino kwa sadaka.”

Batu bakacheka. Mimi nililia. Mzee hakucheka, alifungua kinywa chake akanionyesha pengo mbele. “Mimi pia nilikandamiza,” akasema.

Kesho yake akanipeleka kwa daktari wa meno palepale mjini.

“Nyabo,” akaniita, ndiyo “mama” kwa lugha ya huku, “nani ilipiga wewe?”

“Ni tarumbeta, Daktari.”

Akashika koleo. Nikakamata kiti, nikaita jina la Yesu mpaka sauti ikaisha. Akaangalia tena, akaweka koleo chini. “Mzizi bado iko. Nafunga na waya kwa jirani yake. Miezi mbili, tarumbeta hapana. Ikikataa, nang'oa.”

Miezi miwili niliogopa hata kupiga chafya. Waya ulipotolewa, jino lilikaa. Mzee akaning'iniza tarumbeta kwa kamba ya mbuzi kwenye boriti ya kanisa. “Mikono nyuma, mama. Puliza. Ukiisukuma, inakimbia.”

Ilikimbia. Ikarudi, nikafumba macho nikidhani italigonga jino. Wiki tatu hivyo. Halafu do moja ikatoka, ndogo, bila mkono. Sol bado. Na bado naogopa, kila Alhamisi, lakini nakwenda.

Sasa sifichi tena: kama unajua mama au papa yeyote anayejifunza tarumbeta peke yake, msomee haya, naye amsomee mwenzake: asikandamize. Na jino likicheza, aseme siku ileile.