Pointi za Lavona

Orrin Tenney alipoleta kuni mara ya kwanza, akisema zimemzidi nyumbani, Lavona alimshukuru. Alipoleta mara ya pili, zimechanjwa vizuri na kupangwa ukutani bila kuombwa, alimshukuru tena, ila akabaki dirishani akimtazama mpaka gari lilipopotelea barabara ya Springerville. Mgane wa kanisani, aliyekuwa akimsalimia kwa kuinua kofia tu miaka nenda miaka rudi, leo huruma hii kaipata wapi?

Lavona alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu, na marehemu mumewe, Wendell, alikuwa mwindaji. Kila majira ya theluji Wendell aliwaombea wote wawili kibali cha kuwinda elki dume, yule kulungu mkubwa wa milimani. Vibali ni haba na waombaji ni utitiri, kwa hiyo jimbo huchezesha bahati nasibu. Ukikosa, unapewa pointi, na kadiri pointi zinavyolundikana ndivyo jina lako linavyoingia mara nyingi kwenye droo. Wendell alishinda, akawinda, pointi zake zikarudi sifuri, akaanza upya. Lavona hakuwahi kushinda. Mumewe alipofariki, yeye aliendelea kuomba kwa mazoea tu, na sasa alikuwa na pointi ishirini na mbili.

"Kuni zimemzidi?" dada yake, Twila, alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe ukaamini! Mkiomba kama kikundi, pointi zenu zinajumlishwa, mnagawana sawa. Orrin aliua dume juzijuzi tu, hana kitu huyo. Anataka kupanda mgongoni kwako."

"Labda ni mtu mwema."

"Wema wa msimu wa maombi? Tena nikwambie, hata Wendell, hizo pointi zako sijui alikuwa anakuwekea wewe au anajiwekea yeye."

Maneno hayo yalimchoma Lavona. Na tangu siku hiyo alimtazama Orrin kwa jicho la pembeni. Orrin alizibua mifereji ya paa, akatengeneza lango, na kila kazi ilikuwa na mkia wake.

"Dada Lavona, bado unaomba?" aliuliza akiwa juu ya ngazi.

"Naomba Mungu anipe afya."

"Kibali, nasema."

"Shika ngazi vizuri, Ndugu Orrin, usije ukaanguka kwangu."

Wiki ya mwisho ya kuomba vibali, Orrin alifika na pai ya tufaha. Lavona alikata kipande, akakionja, akaweka uma chini.

"Umeoka mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Mwongo."

Orrin aliona haya, masikio yakamwiva. "Ya duka."

"Unataka pointi zangu."

Mzee wa watu aliizungusha kofia magotini. "Zilinileta pointi, sikatai."

"Na sasa?"

"Sasa bado nazitaka. Lakini hata ukininyima, hapa kwako nimepazoea."

Jibu hilo lilimsumbua Lavona kuliko uongo wa pai. Orrin angekana, yeye angemfukuza. Orrin alipoondoka tu, Lavona aliomba kibali peke yake. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, alimwambia hivyo mbele za watu. Orrin aliitikia kwa kichwa, akaenda zake, na kwa miezi kadhaa hakuonekana kwake. Twila alifurahi kama aliyeshinda kesi. Lavona naye aliona kumbe hakukosea, ila hakupata raha yoyote.

Droo ilipotoka, jina lake lilikuwemo. Hapo ndipo mji ukamkumbuka. Mpwa wa Wendell ambaye hakuonekana hata mazishini alipiga simu: "Shangazi, wewe kaa garini upumzike, risasi niachie mimi." Daktari wa meno alitaka kumwazima bunduki, mwenye bucha akamtoa mwanawe amsaidie. Lavona aliwajibu wote kwamba atafikiri.

Orrin alibisha hodi majani ya miti yalipoanza kuwa manjano. "Elki habebwi begani. Nina nyumbu wawili wa mizigo."

"Na bei yako?"

"Paja moja la nyuma."

"Basi?"

"Na kuota moto jioni, kama hutajali."

Walikwenda. Mlimani Lavona mwenyewe alibeba bunduki ya Wendell, wala hakukubali Orrin atembee mbele yake. Asubuhi ya pili, baridi ikikata masikio, dume lilitoka msituni, pembe zake kama matawi makavu. Orrin alishika hatamu za nyumbu. Lavona alivuta pumzi, akafyatua. Mnyama alipiga hatua chache, akalala. Ndipo mama huyo akakaa kwenye theluji ya mwanzo akalia, kwa ajili ya Wendell, ambaye hakuwahi kumleta huku hata siku moja. Orrin aligeuka, akajifanya kukaza kamba ambazo hazikulegea.

Kukata na kufungasha nyama kuliwachukua mchana kutwa. Wakiteremka, Orrin alicheka kidogo.

"Sasa wote hatuna pointi. Mwakani tuombe pamoja?"

Lavona alimtazama kama anayetafuta nyufa kwenye chungu kipya.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiwa mwenyewe unapiga risasi vizuri, lakini nyumbu hujui kuwafunga."

"Nitafikiri," alisema Lavona, akamvuta nyumbu wake, wakaendelea kuteremka.