Kumfuata Zaituni Ikungi

Nilikwenda Ikungi kumrudisha Zaituni. Ndivyo nilivyoandika kwenye ruhusa ya safari: klabu yetu ya mpira wa kikapu inahitaji kocha wa timu ya wanawake. Sababu ya kweli sikuiandika. Misimu tisa tulicheza pamoja, yeye akitoa pasi, mimi nikifunga, na sifa zote nikazibeba mimi. Magoti yangu yalipogoma nikapelekwa ofisini, nikawa katibu mtendaji, na mwaka huohuo nikaambiwa nipunguze kikosi. Zaituni alikuwa ameanza kupungua kasi. Nikamwachisha kwa barua yenye mhuri, iliyoanza "Ndugu Mchezaji", wakati kutoka ofisini kwangu hadi uwanjani ni kushuka ngazi tu. Miaka minne hatujasemezana.

Alfajiri niliondoka Dar es Salaam kwa treni mpaka Dodoma, kisha nikapanda basi. Mtu wa urefu wangu kwenye basi ni mzigo. Magoti yanasukuma kiti cha mbele, na kila anayepanda ananitazama mara mbili. Zamani tulisafiri kumi na wawili, tukigombea dirisha. Safari hii kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu mpaka Manyoni, nikaweka mkoba pale ili nisikione.

Saa tisa alasiri, Ikungi. Kijana wa bodaboda akanipima kwa macho toka miguuni mpaka kichwani. "Dada, nikubebe au nikuburute?" Nilicheka, nikagundua kuwa tangu asubuhi sikuwa nimecheka wala kuzungumza na mtu.

Kwa Zaituni nilimkuta kwanza mama yake, anachambua mlenda mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanikagua. "Wewe ndiye wa ile barua?"

"Ndimi, mama."

"Haya. Yuko nyuma, anapiga alizeti."

Zaituni alikuwa amesimama kwenye turubai lililojaa vichwa vikavu vya alizeti, fimbo mkononi. Hakushtuka kuniona. Nilipoanza habari za ukocha akanikatiza.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nakupa leo leo." Akanirushia fimbo nyingine. Nikaidaka.

Tukapiga kwa zamu, yake ikipanda, yangu ikishuka. Mwanzoni nilimharibia, fimbo zikagongana. Kisha mwili ukakumbuka, sikuhitaji kumtazama kujua atapiga lini. Tulikwenda hivyo mpaka jua likainama. Nilikuwa na furaha, nayo iliniuma, maana nilijua itakwisha pamoja na alizeti.

Ilipokwisha nikasema, "Zaituni, nisamehe."

"Nilishakusamehe." Alikuwa anakusanya mbegu kwa viganja, hakuinua uso. "Lakini kurudi sirudi. Unajua ile barua haikuwa na jina langu? Nilidhani aliyeileta kakosea mtu. Nikakaa kwenye benchi nikikusubiri ushuke uniambie imekosewa. Nilikusubiri mpaka wakazima taa."

"Nilikuwa juu," nikasema. "Nilikuona kutoka dirishani."

"Najua. Na mimi nilikuona."

Niliinama, nikamsaidia kukusanya mbegu. Tulikula ugali na mlenda, mama yake akiongea Kinyaturu na binti yake, nami nikitazama sahani yangu.

Asubuhi mama yake alinipa dumu la mafuta ya alizeti, akisema mgeni haondoki mikono mitupu. Zaituni alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akarudi kwenye kazi yake kabla basi halijafika. Ndani ya basi niliweka dumu kwenye kiti cha pembeni.

Dar es Salaam, siku ya tatu, nilikuta barua mezani inasubiri sahihi yangu. "Ndugu Mchezaji", ilianza. Msimu mpya unakuja na kikosi kinapunguzwa tena. Hilo sikuwa na uwezo wa kulizuia. Lakini ngazi zilikuwa palepale, na kuzishuka ndicho kitu pekee nilichojifunza Ikungi.

Nilimkuta Rehema, mchezaji ambaye barua ile ilikuwa yake, anafungua kamba za viatu baada ya mazoezi. Nikamwita kwa jina, nikaketi naye kwenye benchi, nikamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Alilia, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Mimi nikabaki nimekaa palepale mpaka wakazima taa.