Mdomo Wake, Masikio Yangu

Kiingereza changu cha kwanza kilikuwa cha mbwa. Mama alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa la mzungu, upande wa Ngaramtoni, nami nimekulia kwenye ngazi za mlango wa jikoni, nikimsikiliza mke wa mwenye shamba akiongea na mbwa wake tangu asubuhi mpaka jioni. Aliwaambia wakae, waje, waache viatu vya watu. Aliwauliza pia kama wamelala vizuri na kama tumbo limepoa, maswali ambayo mama yangu hakuwahi kuulizwa. Kwa hiyo nilipoingia shule ya uuguzi, enzi hizo za Waingereza, Kiingereza nilikielewa kuliko wenzangu wengi, mradi nikisikie. Ukiniandikia, umeshanipoteza.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, juu kidogo ya mji wa Arusha, katikati ya migomba na mibuni. Mwezi wa sita ukungu wa Meru ulikuwa unaingia mpaka wodini, tukavaa sweta juu ya sare, na mwalimu wetu, Mwingereza mrefu tuliyemwita Sista, akatuamuru tuzivue. Masomo tulifundishwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, lakini mtihani wa serikali, ule wa kukupa cheti, ulikuwa Kiingereza kitupu. Tena karatasi ya kwanza haikuuliza habari ya kidonda wala homa. Ilikuwa ya kusoma tu. Unapewa habari, unaisoma kimya, unajibu maswali. Ukianguka hapo, karatasi zako nyingine hakuna anayehangaika kuzisahihisha.

Dawati moja nilikaa na dada mmoja wa Kimeru, wa upande wa Kikatiti. Namwita dada kwa sababu alinizidi umri, na kwa sababu angeniadhibu kama ningemwita vinginevyo. Kimaa changu, lugha yetu Waarusha, hakukielewa, Kimeru chake sikukielewa, tukakutana kwenye Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha milimani. Alikuwa mjane. Binti yake mdogo alikuwa analelewa na bibi, mama yake dada. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya mtihani ule akaanguka, na metroni alimwambia wazi kwamba mara ya pili ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, avue sare arudi nyumbani.

Na nyumbani kulikuwa na shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na kwa mila ilikuwa zamu yake kumrithi. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa kusubiri. Siku ya kutazama wagonjwa alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye benchi la nje, akasalimia watu wote vizuri, kisha akauliza, "Mtihani ni lini tena, shemeji?" Aliuliza kama mtu anayeuliza mahindi yatakauka lini.

"Sina ugomvi naye," dada aliniambia mara ya kwanza niliyomwona yule bwana. "Simtaki tu. Nikipata cheti nitamlea mtoto wangu mwenyewe. Nisipokipata, ndizi zile zote zitakuwa mahari niliyokwisha kuila."

Sasa sikia ajabu ya huyu dada. Alikuwa anasoma. Mwinjilisti wa kwao alimfundisha tangu utotoni, akawa msomaji wa Neno kanisani, na tangu hapo herufi hazikumtisha. Sista alimrekebisha matamshi kidogo tu, naye akayashika yote. Aliweza kukusomea Kiingereza ukurasa mzima wa habari za ini, kwa sauti ile ya Injili, mpaka ukatamani kusema amina. Halafu ukimuuliza ini liko wapi, anakutazama. Hakuwa ameelewa hata mstari mmoja. Yeye alipeleka sauti tu, maana ilibaki kwenye karatasi.

Mimi ndiye niliyekuwa na maana. Yeye akisoma, nafumba macho, nasikia kila kitu kana kwamba nipo kwenye ngazi za jikoni, kisha namnong'oneza kwa Kiswahili. Tukawa mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Sista akiuliza swali, dada anasimama anasoma, mimi nasimama naeleza, tunakaa. Darasa lilitupenda. Sista mwenyewe alitutaja kwa metroni kama mfano. Tulivimba vichwa, nakwambia, tukaanza hata kuwafundisha wengine.

Ukaja mtihani wa majaribio. Sista akatutenganisha, mmoja dirishani, mmoja mlangoni, akasema asisikie sauti ya mtu.

Weee. Niliitazama ile karatasi, nayo ikanitazama. Maneno niliyokuwa nayajua tangu utoto yalikuwa pale, nina hakika, lakini yalikuwa kama watu niliozoea kuwasalimia gizani, leo wamesimama juani na siwajui sura. Nilitambua machache nikayaandika nilivyoweza. Kule dirishani dada alikuwa anaandika bila kupumzika, nikajiambia basi, mwenzangu ameokoka. Kumbe alikuwa anainakili habari yote, neno kwa neno, kwenye nafasi ya majibu. Sista alimrudishia karatasi yenye sifuri, na chini yake ameandika kwamba mwandiko ni mzuri sana.

Dada alilia siku ile, na mimi nilikasirika. Nikikasirika huwa nasema ovyo. Nilimwambia, "Wewe ni kasuku."

Akafuta machozi akasema, "Na wewe ni mbwa wa mzungu. Unaelewa kila kitu, kusoma hujui."

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, kisha yeye, tukacheka mpaka mpishi wa hospitali akatoka na mwiko kuangalia kuna nini. Kucheka kulipokwisha tukaafikiana. Kuanzia siku ile yeye hatanisomea, na mimi sitamwambia maana. Kila mtu ajitafutie mwenyewe kile alichopungukiwa.

Kusema ni rahisi. Mimi nilikuwa siwezi kusoma neno bila kulitamka, tena kwa nguvu, ili masikio yangu yalisikie. Dada akasema chumba cha mtihani hakitaki kelele, akanijazia maji mdomoni. Soma hivyo hivyo, akasema, ukimaliza mstari utayatema, uniambie ulichokiona. Tulikaa nyuma ya jiko, kwenye jua la mchana, mimi nimevimba mashavu, kitabu kimelala magotini. Ole wangu nikikutana na neno la kuchekesha. Kile kitabu cha uuguzi kina madoa ya maji mpaka sura ya mifupa. Lakini taratibu, sijui hata ni siku gani, nilianza kusikia bila sauti. Macho yalipita juu ya neno na lile neno likazungumza lenyewe ndani. Niliyameza yale maji kwa mshangao.

Yeye dawa yake ilikuwa nyingine. Nilimwambia asome maagizo kimya, kisha ayatende, na mgonjwa awe mimi. Asiniulize kitu. Siku ya kwanza alisoma habari ya mtu aliyezimia. Akanilaza vizuri, akanilegeza mkanda, akaninyanyua miguu, nikaanza kumsifu moyoni. Kisha akaenda jikoni akarudi na bakuli la uji, akanilisha. Nilikula wote. Nilipomaliza nikamwonyesha ule mstari, umeandikwa mgonjwa asipewe kitu chochote mdomoni.

"Mbona hukusema?" akauliza.

"Nimezimia, nitasemaje? Halafu nilikuwa na njaa."

Alikuwa ameona neno mdomo, akalijua, akafurahi nalo, hakungoja kuona limekaa na nani. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Aliokota neno moja analolijua akakimbia nalo. Nikamzoesha kusoma mpaka nukta ndipo ainue mkono. Alinifunga bandeji mguu mzima akauacha mbovu, akanipima homa, akanilaza ubavu usiotakiwa, akaniosha macho yasiyokuwa na kitu. Kila akiniomba nimwambie maana ya neno, namjibu, "Asiyejua maana haambiwi maana." Alinichukia, lakini wiki baada ya wiki mgonjwa wake alianza kupata nafuu.

Jumamosi tulishuka mjini kwa miguu kununua sabuni na sukari. Mama wa Kihindi mwenye duka alifungia sukari kwenye kurasa za gazeti la Kiingereza, na sisi tulianza kuchagua, hii hapana, ile yenye maandishi mengi. Akashangaa, akauliza tunataka sukari au tunataka gazeti. Tulipomweleza habari ya mtihani akaingia ndani akatuletea bunda zima la magazeti ya zamani. Akasema binti yake naye alikuwa anasoma kwa taa mpaka anaunguza nywele. Tulipanda mlima tukisoma matangazo ya matairi na ng'ombe wanaouzwa, dada ananieleza, mimi namsomea. Usidhani nimekosea. Siku hiyo, bila kupanga, tulikuwa tumebadilishana kazi, na hatukugundua mpaka tumefika getini.

Hata hivyo mtihani ulipokaribia dada hakulala vizuri. Shemeji alikuwa amekuja tena na ndizi, na safari hii alimweleza kwamba ameshaezeka upya paa la nyumba. Hakusema nyumba ya nani. Dada alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, nyuma ya jiko naelewa kwa sababu upo. Hata usiponiambia, nakutazama usoni najua kama nimekosea. Mle ndani nitatazama nini?" Nilimpenda sana yule dada, na nilimwogopea kuliko nilivyojiogopea mwenyewe.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi wa serikali, mzungu mwenye ndevu nyekundu, akatupanga mbalimbali. Mimi mbele, dada nyuma kabisa, hata uso wake sikuuona. Akagonga meza. Tukafunua.

Ilikuwa habari ya mgonjwa mmoja aliyelazwa wodini. Nilisoma polepole, mdomo nimeufunga kana kwamba una maji. Nesi alimwambia yule mgonjwa asishuke kitandani siku hiyo, hata litokee jambo gani, mpaka yeye mwenyewe arudi amruhusu. Naam, hapo nilielewa. Kisha wakaja wafagizi, wakatoa vitanda vyote nje vipigwe jua kwa sababu ya kunguni. Yule mgonjwa akakataa kushuka, wakambeba na kitanda chake. Nilikuwa hapo, wanamtoa mlangoni kwa taabu, nikasikia mtu anacheka.

Kilikuwa kicheko cha kwikwi, cha mtu anayejizuia akashindwa. Nilikijua. Msimamizi akagonga meza, akamwambia aliyecheka asimame, akamuuliza kwa Kiingereza anacheka nini kwenye mtihani.

Nilitaka kugeuka, sikuthubutu. Kisha nikaisikia sauti ya dada, ile ile ya Injili, ikijibu kwa Kiingereza chake mwenyewe, polepole, neno moja baada ya jingine. Alisema, "Bwana, mvua inanyesha. Watu wote wamekimbia. Yeye bado yuko kitandani nje, amejifunika shuka, anamngoja nesi."

Chumba kizima kilicheka, hata wale ambao hawakuwa wamefika hapo. Msimamizi alijifuta ndevu muda mrefu kuliko ndevu zinavyohitaji, akamwambia akae. Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu, nilikasirika. Ameniharibia hadithi. Mimi nilikuwa bado mlangoni na kitanda, yeye ameshafika kwenye mvua. Nikainamisha kichwa nikaharakisha kumfuata, na machozi yakadondokea karatasi.

Vyeti vilikuja baada ya mavuno ya kahawa. Cha kwangu kilikuwemo, na cha kwake kilikuwemo. Shemeji naye alifika siku ya kutazama wagonjwa, na mkungu wake, akakaa kwenye benchi, akasalimia, akauliza habari ya mtihani. Dada alimletea chai kwanza, kwa heshima zote, kisha akaingia ndani akatoka na cheti. Akasimama mbele yake akakisoma chote, kuanzia juu mpaka sahihi ya mwisho, kwa Kiingereza, kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa benchi lile wavue kofia.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, maana alizoea kuniona nikinong'ona, akasema, "Haya, mama, tuambie maana yake."

Nikafungua mdomo. Dada akaniwekea mkono begani, kwa upole, nikaufunga.

"Maana yake, shemeji," akasema, "ni kwamba sirudi."

Shemeji alimaliza chai yake, akashukuru, akaaga. Ndizi alituachia.