Utamu Chini ya Ulimi

Surua ilipoingia nyumbani kwetu Kibingo, wazazi wetu wote wawili walikuwa wameshazikwa kwenye migomba yao. Mimi, mkubwa, nilikuwa nimeacha shule ili nilee wadogo zangu wawili. Wa kati aliugua akainuka. Kitindamimba, msichana ambaye hata maneno yalikuwa hayajamnyooka, akafunga mdomo. Vidonda vilimjaa kinywani, na kila nilichompa alikitema. Mwili wake ulipungua mikononi mwangu.

Nilikumbuka kwamba nami niliwahi kuugua hivyo, na mama akaninywesha maji ya majani. Jina la jani sikulijua. Ladha yake ndiyo niliyoijua: uchungu mkali, kisha utamu unaobaki chini ya ulimi. Basi nikatoka kulitafuta kwa ulimi.

Nilianza na mubirizi, mti mchungu uliokuwa nyuma ya kila nyumba. Uchungu niliupata, utamu haukuja. Nikatafuna eshogi, mboga tuliyokula karibu kila siku. Nikatafuna majani ya maboga, ya maharage, na magugu ya njiani nisiyoyajua. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakaniona na mdomo wa kijani, wakaniuliza kama siku hizi nachungwa pamoja na mbuzi. Nikawaamkia, nikaendelea kutafuna.

Jani halikupatikana. Nikaenda kwa jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akiteka maji na mama yangu. Nilimkuta uani, mumewe akikanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa kukamulia pombe. Nilimweleza hali ya mtoto na ladha niliyokuwa naitafuta. Akatabasamu.

“Hakuna jani la hivyo, mwanangu. Mama yako alikuchemshia mubirizi huo huo. Ila ulikuwa mkorofi, unamtemea kifuani. Ndipo akaanza kukuchanganyia mramba.”

Mramba ni maji matamu ya ndizi kabla hayajachachuka. Yalikuwa pale pale, yakitiririka kwenye nyayo za mumewe. Mzee akaniashiria kibuyu kwa kidevu.

“Chota,” akasema. “Lakini wewe usinywe. Umeshashiba majani.”

Nilichemsha mubirizi, nikauacha upoe, nikautia mramba mpaka ladha ile ikanijia, ile ile. Kisha nikachovya kidole, nikampaka mdogo wangu kwenye mdomo. Alikunja uso. Nikasubiri anitemee kifuani. Hakutema. Alimeza kwa shida, akatulia, akafumbua mdomo tena.

Sijui hadi leo kama ni mubirizi uliomponya, au ni kule kukubali kumeza. Siku ile sikujiuliza. Nilimshika kichwa kama nilivyokuwa nikishikwa mimi, nikamdondoshea kidogo kidogo, naye akawa anameza.