Kodigo Iliyokwenda Olumbi

Tulipoachana, mimi na mume wangu tuligawana kila kitu mbele ya wazee: masufuria, kitanda, hata mlango wa jikoni aliung'oa akaenda nao kijijini Olumbi. Namba yangu ya simu hakuna aliyeikumbuka. Iliandikishwa kwa jina lake, ikabaki naye, lakini kwa namba hiyo nilikuwa nimefungua barua pepe, na kwa barua pepe nikafungua ukurasa wa kuuzia mikeka yangu. Anayeshika namba ameshika vyote, hilo sikulijua. Kwenye ukurasa huo ndiko mteja mmoja wa Mtwara alikoanza kuniandikia habari zisizohusu mikeka, mpaka akaniposa. Nikakaa wiki tatu bila kumjibu, kwa woga tu.

Kisha simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Nikanunua nyingine pale mjini Palma, na senha, lile neno la siri la kuingilia, nimeisahau. Nikaambiwa kodigo, zile tarakimu sita za kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, imepelekwa kwenye namba ya zamani. Namba hiyo sasa anaitumia mke mpya wa mume wangu. Kodigo huishi dakika tano.

Nikampigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, hapo imeingia kodigo..."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Hiyo kodigo..."

"Na mama, mguu wake?"

Binti huyu amelelewa vizuri mno. Baada ya mguu wa mama tukapitia shangazi, mvua, mihogo na nguruwe wanaoifukua. Ilipofika zamu ya kodigo, ilikuwa imeshakufa. Nikaomba nyingine, nikapiga tena, naye akaanza upya na shikamoo. Mara ya nne nikapata akili: tukamaliza kwanza ukoo mzima, ndipo nikabonyeza.

"Dada," alisema alipomaliza kunisomea, "usinikasirikie."

Nikaingia. Mtu wa Mtwara alikuwa ameshajibiwa tangu Jumanne. Nilikuwa nimemkubali, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, na wazee wake walikuwa wanakuja Ijumaa.

Nilitukana peke yangu, kwa lugha mbili. Nikampigia binti yule bila salamu. Akalia. Alisema aliingia kwa namba ile, maana mume anataka kunioa tena, kila siku ananitaja, naye akaona bora nipate kwangu mapema. Nikashindwa kujua nicheke au nimtukane.

Kisha nikaisoma barua yenyewe. "Nakubali," nilikuwa nimeandika, "ila mume wa kwanza alikuwa akinuna siku tatu hasemi, nami napika, natenga, naondoa. Wewe ukinuna, sema umenunia nini."

Habari ya siku tatu sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Nilisikia uchungu kwa ajili yake, na hasira zote zikaniishia.

"Sasa hivi kanuna?" nilimpigia tena kumwuliza.

"Leo siku ya pili."

Wazee wa Mtwara walikuja Ijumaa, nikawapikia wali. Fundi wa simu sokoni ananisihi niitoe namba ile kwenye barua pepe kabla sijaibiwa, nami humwambia nitaitoa. Binti yule, mumewe hamruhusu anipigie bila sababu. Basi kila wiki naomba kodigo nisiyoihitaji, nakaa nasubiri shikamoo.